Mayai ya Senje

Jumatano, tarehe kumi na nne Mei mwaka wa 2025, ndiyo siku mambo yangu yaliharibika. Tarehe naikumbuka kwa sababu ilikuwa kwenye bango walilofunga getini kwetu Kawangware, kwa herufi kubwa za kijani: Mradi wa Kuku Bora Mtaani. Pikapu ikaingia kinyumenyume, vijana wenye fulana za kufanana wakashusha makreti ya vifaranga, na mwenyekiti wa mradi, mtu anayeitwa Mulwa, akapanda juu ya jiwe la kufulia nguo akatuhutubia. Alisema kuku wetu wa kienyeji wamepitwa na wakati. Alisema kuku akishamaliza mwaka ni hasara, auzwe au aliwe, mwingine mchanga aingie. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Kila nyumba ilipewa vifaranga wake, na sijaona mtu akikataa cha bure.

Vifaranga wenyewe walikuwa wanapiga chafya hata kabla pikapu haijatoka.

Ilikuwa kideri. Mtu aliyefuga kuku hahitaji daktari kumwambia. Kinyesi cha kijani, mabawa chini, shingo inapinda mpaka kuku anatazama nyuma kama ameitwa na mtu. Walikufa wale wa bure, halafu wakafa wetu, nyumba hadi nyumba, ploti nzima ya wapangaji. Nilikuwa nawachoma nyuma ya choo kwa mafuta ya taa. Jogoo wangu alikufa amesimama, ameegemea mabati, nikadhani amelala.

Nilienda kwa ofisi yao. Kijana aliyekuwa pale hakuinua hata macho. Akaniambia kuku wamekufa kwa baridi, na kwamba wafugaji wa mitaani hatufuati maagizo. Maagizo gani, hakusema. Hivyo ndivyo wakubwa wanavyofanya kazi. Kitu kikienda vizuri ni wao, kikienda vibaya ni wewe hukufuata maagizo.

Aliyebaki hai ni mmoja tu, Senje.

Senje kwetu Waluhya ni shangazi. Marehemu mke wangu Nabalayo ndiye alimpa hilo jina, kwa vile kuku huyo akiingia nyumbani anatembea polepole akikagua kila kona, kama shangazi aliyekuja kuona kama kaka yake anatunzwa. Alimleta kutoka kwao Bungoma akiwa mtetea mdogo, ndani ya kikapu, na watu wa basi wakamlalamikia njia nzima. Tangu wakati huo kideri imepita ploti yetu mara tatu. Kila mara inazoa wengine, yeye anainama siku mbili tatu kwenye kona, anakataa chakula, halafu anaamka anaanza kupekua mchanga.

Kwa hiyo Nabalayo hakuwa anaatamisha mayai ya kuku wachanga. Hayo tulikula na kuuza. Ya kuangua yalitoka kwa wazee tu, hata kama mzee anataga moja leo na lingine baada ya siku tatu. Majirani walimcheka. Yeye alikuwa anawajibu, "Kuku wa mwaka mmoja sijui atakufa na nini. Huyu najua vitu vyote vilivyomshinda kumuua." Na kweli, vifaranga wa Senje walikuwa wachache lakini walikuwa wanabaki.

Nabalayo mwenyewe hakubaki. Alikufa hospitalini miaka miwili iliyopita akingoja kitanda, ameketi kwenye benchi na kanga yake mapajani, na mpaka leo hakuna aliyenieleza kwa nini foleni haikusonga. Nimeuliza. Nimechoka kuuliza. Kitu cha mikono yake ambacho bado kinapumua ni yule kuku.

Baada ya kideri Senje alinyonyoka manyoya akakaa miezi mingi bila kutaga. Nikajua amemaliza. Halafu mwaka huu mvua ya Machi iliponyesha nikaona kilemba chake kimeanza kuwa chekundu tena, na asubuhi moja nikapata yai kwenye beseni lake. Yai zuri, ganda gumu. Nilikaa nalo mkononi nikilitazama. Kuku wa miaka hiyo akianza kutaga hujui ni mara ya mwisho au la. Na yai bila jogoo ni la chai tu. Kama sitapata jogoo kabla hajafunga kutaga tena, basi damu ile inaishia hapo, na kazi yote ya Nabalayo inakuwa kama haikufanywa.

Majogoo wa sokoni wako tele. Lakini jogoo wa sokoni hujui ametoka wapi, na baada ya makreti yale sikutaka kuingiza mgeni nisiyemjua. Aliyefaa alikuwa mmoja, na alikuwa Kibera, Mashimoni, kwa Rachael, rafiki ya Nabalayo tangu wakiwa wasichana. Zamani mke wangu alimwekesha mtetea wa Senje, kama watu wa nyumbani wanavyofanya: wewe unalisha, tunagawana watakaoanguliwa. Mtetea huyo aliibwa, ila mwanawe mmoja alibaki akakua jogoo mzima. Mradi haukuwahi kufika Mashimoni. Nasikia walilalamika sana kwamba wamesahauliwa. Hawakujua bahati yao.

Jumapili nikachukua kikapu chenye kifuniko nikatembea mpaka kule. Mlango wa Rachael ulikuwa umefungwa. Mama wa kibanda cha maji akaniambia, "Ameenda kanisani. Alikuwa amebeba jogoo."

Sikuelewa mpaka nilipofika. Kanisa ni la mabati, limejaa hadi mlangoni, na mbele kwenye meza kulikuwa na miwa, ndizi, trei ya mayai, maboga, na jogoo mwekundu amefungwa miguu kwa kitambaa. Ilikuwa siku ya harambee ya paa. Nikapenya nikaketi kando ya Rachael.

"Shem," akasema bila kugeuza kichwa. "Umepotea kabisa. Leo umekuja kuokoka?"

"Nimekuja kuona jogoo."

Akaziba mdomo kwa leso, mabega yakatikisika. "Jogoo ameokoka kabla yako. Si yule pale mbele?"

"Rachael, mimi sifanyi mchezo. Senje anataga."

Akaacha kucheka. "Senje yule? Bado yuko?"

"Yuko, na anataga, na sina jogoo."

"Sasa si ungepiga simu?"

"Ulibadilisha laini."

"Ni kweli." Akashusha pumzi. "Tuliambiwa kila mama alete kitu, mgeni mkubwa anakuja. Mimi ningeleta nini, sufuria? Nisamehe, shem. Akishawekwa pale siwezi kwenda kumtoa. Utamnunua kwa mnada."

Mnada wa kanisa kila mtu anaujua. Kitu hakiuzwi mara moja. Mtu ananunua, anasimama, anasema namrudishia Bwana, kinauzwa tena, na tena, mpaka waliokuja na sifa wamezimaliza. Mnadi alikuwa mzee mmoja mwembamba mwenye maneno. Alimwinua jogoo juu kwa miguu akasema, "Huyu ameamka saa kumi kila siku ya maisha yake. Ni nani hapa anaweza kusema hivyo?" Watu wakacheka. Nikataja bei yangu kwanza, na ilikuwa yote niliyokuwa nayo mfukoni.

"Mgeni kutoka wapi?" mnadi akauliza.

"Kawangware."

"Kawangware wamekuja kutuchukulia jogoo. Mashimoni, mtanyamaza?"

Ndipo sauti ikatoka kiti cha mbele, cha mgeni wa heshima, ikataja bei nyingine kama mtu anayeagiza soda. Akageuka kuona nani anashindana naye, nikaona uso. Alikuwa Mulwa. Siku hiyo alikuwa amevaa suti, lakini uso ni ule ule uliosimama juu ya jiwe letu la kufulia.

Akamnunua akamrudisha. Mwingine akanunua akamrudisha. Mulwa tena. Kila mara jogoo anapita mkono hadi mkono, na mimi naona mdomo wake uko wazi, anahema, joto la mabati linamuingia. Jogoo akipata joto kali anaweza kukaa muda bila kufaa kitu kwa kuku jike. Nani mle ndani alijali hilo? Kwao alikuwa kelele ya kuchangia paa.

Mwishowe Mulwa akachukua maiki. "Huyu sitamrudisha tena, amechoka," akasema. "Nataka nimpe mfugaji. Kuna mfugaji hapa?"

Kabla sijajua, Rachael alikuwa amesimama. Alidhani ananisaidia. "Shemeji yangu huyu hapa. Ni mfugaji, hata yuko kwa ule mradi wenu wa Kawangware."

Uso wa Mulwa ukawaka. "Mnufaika wetu. Mzee, njoo hapa mbele."

Nilitembea mbele. Vijana wawili tayari walikuwa wameinua simu. Mulwa akaniwekea jogoo mikononi lakini hakumwachilia, akawa ameshika mabawa upande wake na mimi upande wangu, tunatazama simu kama bibi na bwana harusi. Akasema chini chini, "Sema mradi umekusaidia. Maneno mawili, mzee, utoke na kuku wako."

Nataka mtu anielewe hapa. Maneno niliyokuwa nayo yalikuwa mengi, na nilikuwa nimeyabeba karibu mwaka mzima. Nilikuwa na ya kijana wa ofisi na ya moshi nyuma ya choo. Lakini jogoo alikuwa anahema mkononi mwangu, moyo wake unagonga kidole changu, na yule mtu hakuwa amemwachilia. Nikasema kwenye maiki, "Asante kwa jogoo." Hayo tu. Sikutaja mradi, wala vifaranga.

Akamwachilia. Watu wakapiga makofi. Nilimweka kikapuni, nikamfungua kitambaa, nikatoka nje kumtafutia maji.

Mwenye ploti yetu ni mama mmoja wa Kikuyu anaitwa Wacera, mjane kama mimi nilivyo, amezidi miaka sabini. Alizaliwa hapo hapo wakati Kawangware bado kulikuwa na mashamba, na bado ana tabia za mwenye shamba: anafunga geti mwenyewe, ufunguo unakaa kifuani kwenye kamba. Ananiita Baba Christine, kwa binti yangu aliyeolewa Webuye. Nilipofika na kikapu alikuwa kwenye kigoda chake akichambua mahindi na maharagwe ya githeri.

"Umemletea nani huyo?"

"Senje."

Akamtazama jogoo, akamtazama Senje. "Baba Christine, huyo cucu wa watu, nyanya mzima, unamwoza kijana?"

"Ndio dawa. Mzee kwa mzee hakuna kifaranga."

"Basi ukirudi huko nitafutie na mimi wangu," akasema, akaendelea na githeri.

Nilifanya kama Nabalayo alivyokuwa akifanya. Nilipunguza manyoya ya Senje huku nyuma ili jogoo asihangaike. Miiba ya miguu ya jogoo nikaikata ncha na kuisugua kwa jiwe, maana ngozi ya kuku mzee ni nyepesi na jogoo mchanga anaweza kumchana mgongo. Nikamsagia Senje maganda ya mayai kwenye pumba. Siku za kwanza alimfukuza kijana ploti nzima, akimdonoa kichwani, na wamama wakawa wanamwita jogoo jina la bwana fulani wa jirani. Halafu asubuhi moja nikamwona Senje ameinama chini, ametulia.

Alitaga polepole sana. Mayai nilikuwa naweka kwenye mkebe wa unga wenye majani makavu, nayageuza kila siku, na kila siku naogopa ameshafunga. Yalipofika matano akakataa kutoka kwenye beseni, nikamwekea yote chini yake. Akajitanua juu yake, macho yamelegea, ukimkaribia anatoa ile sauti ya kukwaruza. Baada ya wiki moja nikazima stima nikapiga yale mayai tochi ya simu kwa nyuma. Moja lilikuwa tupu, linang'aa kama maji. Manne yalikuwa na mishipa myekundu, na katikati kitu cheusi kidogo kinachoruka.

Siku nyingi sijafurahi, kwa hiyo sikujua nifanye nini. Nilirudisha mayai nikalala.

Ilikuwa Jumamosi iliyopita Wacera aliponiita. Mjukuu wake alikuwa amemtumia video kwenye simu. "Ni wewe huyu?" akaniuliza. Ilikuwa ni mimi, nimeshika jogoo pamoja na Mulwa, nasema asante kwa jogoo. Ila hawakuachia sauti iishe. Neno jogoo walilikata, ikabaki "asante", halafu muziki, halafu maandishi. Wacera akanisomea: Mfugaji wa Kawangware ashukuru, kuku wa mradi wamebadilisha maisha yake.

"Sikusema hivyo," nikamwambia.

"Nimesikia umesema asante."

"Kwa jogoo. Jogoo mwenyewe ni mjukuu wa Senje, ni wangu kabla hajawa wa kanisa."

"Sawa. Lakini sikiza lingine. Wamenipigia. Wanaleta makreti mengine Alhamisi. Wameanza na hapa kwetu kwa sababu ya wewe. Ati ploti ya mfano."

Nikaketi chini kwenye jiwe la kufulia. Mayai ya Senje yanatarajiwa kupasuka hapo hapo, Jumatano au Alhamisi yenyewe. Kifaranga aliyetoka tu kwenye ganda hana ngao ya kutosha, hata awe wa Senje. Mwenye duka la dawa za mifugo kule Riruta aliniambia anaweza kuwachanja kwa tone la jicho, lakini dawa huchukua siku kadhaa kushika, na kideri haingoji. Nilijaribu kumhamisha Senje na beseni lake mpaka chumbani kwangu. Aliruka akatoka, akakaa mlangoni akilia mpaka mayai yakaanza kupoa, ikabidi nimrudishe mbio. Kuku mzee ana kona yake.

Jumatatu nikaenda tena kwa ofisi yao. Kijana ni yule yule. Safari hii aliinua macho, kwa sababu alinijua kutoka kwenye video, akaniletea kiti. Nikamwuliza kama vifaranga wa Alhamisi wamechanjwa. Akasema hilo ni swali zuri, atamwuliza mwenyekiti. Nikamwuliza kama wanaweza kuondoa ile video. Akacheka kwa heshima, akasema, "Mzee, imeangaliwa sana."

Nilirudi jioni nimechoka miguu na kichwa. Wacera alikuwa kwenye kigoda karibu na geti. Wamama wa ploti walikuwa wameshaosha vizimba vyao, vimeanikwa ukutani mstari mzima, maji yanachuruzika. Mumbua, yule wa chumba cha mwisho, ambaye mwaka jana alilia kuku wake kama mtu, alikuwa anapigilia wavu mpya. Aliponiona akaniita, "Baba Christine, asante kwa kutukumbusha kwa wakubwa." Alikuwa anamaanisha.

Nikachutama karibu na Wacera. "Wakiingia hapa wale wa Senje wanakufa," nikamwambia. "Na wa Mumbua pia, wa bure na wa kununua. Uliona mwaka jana."

"Niliona. Niliona hata moshi."

"Basi usifungue."

"Nisifungue niseme nini? Niwaambie Baba Christine amekataa? Watasema wewe umepata wako, umeshukuru mbele ya watu, sasa unawafungia wenzako mlango."

"Waambie ni ugonjwa."

"Waambie wewe. Mimi watasema mwenye ploti ana roho mbaya, hataki wapangaji wainuke. Hawa watu wananilipa kodi kwa shida, Baba Christine. Huyu Mumbua hajapata kitu cha bure tangu mwaka uanze."

"Na yule kijana akipiga simu aseme wamechanjwa?"

"Utamwamini?"

Nikageuka. Senje alikuwa kwenye kona yake nyuma yetu, ametulia, na jogoo amesimama kando yake kwa mguu mmoja. Mumbua alikuwa anapiga nyundo polepole, anapima, anapiga tena.

Wacera akautoa ufunguo kifuani akaushika kwenye kiganja, kamba ikaning'inia.

"Ploti ni yangu," akasema, "lakini uso walioonyesha ni wako, na hawa wamama wanakuamini wewe. Sasa niambie mapema nijue. Alhamisi wakipiga honi hapo nje, nifungue ama nisifungue?"